Kutafuta Hitilafu ya Cheche katika Ndege Ndogo ya Kujiundia, kwa Mazingira ya Mombasa

Mwenye ndege ndogo ya kujiundia ambaye injini yake imeanza kukatakata au kukataa kuwaka huwa mwepesi wa kushuku kifaa cha bei ghali kuliko vyote, yaani moduli ya kielektroniki au magneto, vifaa vinavyotengeneza umeme wa cheche, na kuagiza kingine kutoka ng'ambo kabla hajafungua hata plagi moja. Hapa Mombasa pupa hiyo humgharimu mara mbili, kwa kuwa kifaa kipya husubiriwa na kulipiwa ushuru, kisha kikifika hufungwa kwenye waya uleule ulioliwa na chumvi, na ugonjwa hurudi palepale. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Injini ilitoka kiwandani ikiwa imepimwa, ilhali nyaya zinazotoka kwenye injini hadi kwenye swichi zilifungwa na mikono ya mwenye ndege, na huko ndiko kunakostahili kuchunguzwa kwanza: plagi, kofia za plagi, viunganishi, erthi na swichi.

Injini zinazolengwa hapa ni za aina mbili. Ya kwanza ni Rotax 912 ya kabureta, yenye nguvu za farasi 80 au 100, ambayo imeenea sana katika ndege za kujiundia. Ya pili ni Lycoming au Continental ndogo yenye magneto mbili. Zote zina sakiti mbili za cheche zinazojitegemea, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila sakiti. Wala hazihitaji betri ili kutoa cheche, kwa sababu Rotax huchukua umeme wa cheche kutoka koili maalumu zilizo ndani ya jenereta yake, na magneto hujizalishia yenyewe. Kwa hiyo, ikiwa mfumo wa kiwandani haujabadilishwa, betri iliyokufa haiwezi kuzima injini angani, ingawa betri dhaifu inaweza kabisa kuizuia isiwake ikiwa chini.

Kabla ya kugusa propela

Swichi ya cheche ya ndege hufanya kazi kinyume cha ile ya gari. Ikizimwa, huunganisha waya wa kuzimia na erthi ili umeme upotelee huko badala ya kufika kwenye plagi; ikiwashwa, huuachanisha. Maana yake ni kwamba waya huo ukikatika, ukichomoka au ukiliwa na kutu, sakiti hubaki hai hata kama swichi imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Injini yenye magneto inaweza kuwaka kwa kusukumwa propela kwa mkono tu. Rotax ina nafuu kidogo, kwa kuwa moduli zake hazitoi cheche mpaka mhimili wa injini ufikie takriban mizunguko 220 kwa dakika, lakini nafuu hiyo isimfanye mtu aizoee propela.

1. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, kisha funga mkia kwa kamba imara kwenye kigingi au nguzo. Breki peke yake haitoshi.

2. Funga koki ya mafuta, na uchomoe waya hasi wa betri wakati wowote unapofanya kazi isiyohitaji starta.

3. Weka kizimamoto karibu na mkono, nje ya mstari wa propela. Plagi iliyotolewa kwenye silinda na mvuke wa petroli ni majirani wabaya.

4. Ukiwa na msaidizi ndani ya ndege, mkubaliane kwamba hakuna kitu kitakachowashwa bila maneno kutoka pande zote mbili: aliye mbele huuliza, «Swichi zimezimwa?» na aliye ndani hugusa swichi kwa kidole ndipo ajibu, «Zimezimwa, fundi.» Jibu la kutikisa kichwa halikubaliki.

Dalili husema ni upande gani

Kabla ya kushika spana, andika kwenye karatasi hitilafu hutokea lini: injini ikiwa baridi au ikiwa moto, asubuhi yenye umande au mchana, baada ya mvua ya masika au baada ya ndege kuoshwa, kwa mizunguko ya chini au ya juu. Karatasi hiyo itakuokolea kazi nyingi, kwa kuwa mpangilio wa sakiti za Rotax 912 unaruhusu mtu kukisia mahali pa hitilafu kabla ya kufungua kitu.

Sakiti A hulisha plagi za juu za silinda ya 1 na ya 2 pamoja na plagi za chini za silinda ya 3 na ya 4. Sakiti B hulisha zilizobaki. Kila sakiti ina koili mbili za cheche, na kila koili ina midomo miwili inayolisha plagi za silinda mbili kwa wakati mmoja, yaani 1 na 2, au 3 na 4. Umeme hutoka mdomo mmoja, ukapita plagi ya kwanza, ukaingia kwenye kichwa cha injini, ukarudi kwa plagi ya pili. Ndiyo sababu waya wa plagi moja ukikatika, plagi mwenzake nayo huathirika.

Basi, ikiwa silinda moja tu ndiyo dhaifu, shuku plagi yenyewe, maana plagi iliyojaa masizi hupitisha umeme pembeni bila kumnyima mwenzake. Ikiwa silinda ya 1 na ya 2 zimenyamaza pamoja kwenye sakiti moja, shuku koili yao, waya wake, kofia zake, au koili ndogo ya kuhisi mzunguko inayoiamuru. Ikiwa sakiti nzima imekufa, shuku waya wa kuzimia ulioshika erthi, swichi, koili ya kuchaji (ile ya ndani ya jenereta inayolisha cheche) au moduli. Na ikiwa sakiti zote mbili zimekufa kwa mpigo, usiwe mwepesi wa kulaumu cheche: ni nadra sana mifumo miwili inayojitegemea kufa dakika moja, kwa hiyo angalia mafuta kwanza, kisha angalia mahali popote ambapo mjenzi alizipitisha nyaya zote mbili za kuzimia ndani ya kiunganishi kimoja. Wajenzi hupenda kufanya hivyo kwa sababu paneli huonekana nadhifu, na hapo ndipo uhuru wa sakiti mbili hupotea.

Jaribio la mizunguko 4,000

Pasha injini moto mpaka mafuta ya kulainisha yafikie joto linalotakiwa na kitabu cha injini, kisha panda hadi mizunguko 4,000 kwa dakika. Mizunguko hiyo ni ya mhimili wa injini, si ya propela, ambayo kwenye modeli ya farasi 100 huzunguka mara moja kwa kila mizunguko 2.43 ya injini. Zima sakiti moja, soma mizunguko, iwashe tena, ngoja injini itulie, kisha zima ya pili. Kwa Rotax 912, kushuka kusizidi mizunguko 300 kwa upande wowote, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 115.

Hapa pana jambo ambalo hupotosha watu wengi. Ukizima sakiti A, injini inaendeshwa na B, kwa hiyo kushuka unakokuona ni habari za B. Mtu akizima A, akaona mizunguko imeanguka vibaya, kisha akaanza kufungua plagi za A, atazisafisha hadi zing'ae na hitilafu itamngojea upande wa pili.

Kushuka kwenyewe kuna lugha yake. Kushuka kwingi pamoja na mtikisiko ni dalili ya plagi au waya wa plagi. Kushuka kwingi lakini laini, bila mtikisiko, kwenye injini ya magneto huashiria taiming iliyochelewa, yaani cheche inatoka baada ya wakati wake. Kutoshuka kabisa hakupaswi kumfurahisha mtu, kwa sababu mara nyingi humaanisha kwamba sakiti uliyodhani umeizima bado inafanya kazi, yaani waya wake wa kuzimia umekatika. Thibitisha kwa kushusha injini hadi mzunguko wa chini kabisa, kisha kuzima sakiti zote mbili kwa nukta moja: injini isipoonyesha dalili ya kufa, ndege hiyo ina propela ya hatari na haipaswi kuachwa uwanjani bila onyo.

Ikiwa ndege ina vipimo vya joto la egzosi kwa kila silinda, vitazame wakati wa jaribio. Silinda ambayo plagi yake ya sakiti iliyobaki haifanyi kazi huporomoka joto mara moja, huku nyingine zikipanda kidogo. Asiye na vipimo hivyo anaweza kuiendesha injini kwa sakiti yenye ugonjwa kwa muda mfupi, akaizima, kisha akapima kila bomba la egzosi karibu na kichwa cha silinda kwa kipimajoto cha mwanga wa infraredi. Bomba lililo baridi kuliko mengine litajionyesha.

Plagi na kofia zake

Chukua kipande cha ubao, toboa mashimo manane, andika kando ya kila shimo namba ya silinda na neno juu au chini, na kila plagi inayotoka iingie shimoni mwake. Bila ubao huo, plagi zikichanganyika mezani, ushahidi wote umekwenda.

Plagi nzuri ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi iliyokauka kama masizi ya chungu inaonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Nyeusi yenye majimaji mazito inaonyesha mafuta ya kulainisha. Nyeupe yenye malengelenge inaonyesha joto kupita kiasi, na hiyo si ya kusafishwa bali ni ya kuchunguzwa sababu yake. Vijipu vidogo vya rangi ya risasi kwenye ncha hutokana na petroli ya ndege yenye madini ya risasi. Pima mwanya kwa geji na uulinganishe na kitabu cha modeli yako, kwani 912 ya farasi 80 na ile ya farasi 100 hazitumii plagi moja.

Kwa maoni yangu, kwenye Rotax hakuna haja ya kuhangaika kusafisha plagi iliyotiliwa shaka, kwa kuwa ni ya bei ndogo ikilinganishwa na kila kitu kingine ndani ya ndege. Badilisha zote nane. Hata hivyo, tahadhari juu ya mahali unaponunua. Katika maduka ya spea za magari na bodaboda mjini zimo plagi halali na zimo bandia zenye sanduku linalofanana nazo, na bei ya chini mno ni onyo. Tazama maandishi kwenye kauri, ambayo kwenye bandia huwa yamefifia au yamekaa upande, na upime ukinzani wa kila moja kwa mita, maana plagi za namba moja zenye ukinzani ndani zikitofautiana sana kuna jambo. Plagi kubwa za magneto ni habari nyingine: hizo ni ghali na husafishwa, na ile ambayo ukinzani wake umepita omu 5,000 mafundi wengi huitupa.

Kofia ya plagi ya Rotax hufungwa kwa skrubu mwishoni mwa waya. Ifungue, kata sentimita moja ya waya kama nyuzi zake zimekuwa nyeusi au za kijani, kisha irudishe kwa kuizungusha mpaka ishike. Kofia hizo kwa kawaida huwa na ukinzani wa karibu omu 5,000. Inayosoma zaidi ya hapo kwa mbali, au inayobadilisha namba ukiitikisa, haifai. Ikishavikwa kwenye plagi, kofia inapaswa kukataa kutoka kwa mvuto mwepesi wa vidole viwili.

Waya wa kuzimia, viunganishi na chumvi

Hewa ya pwani ina chumvi mwaka mzima, na pepo za kusi na kaskazi huibeba hadi ndani ya banda la ndege lenye milango iliyofungwa. Uwanja uwe Ukunda, Vipingo au Bamburi, bahari haiko mbali. Zaidi ya hapo, maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na mwenye ndege anayeiosha kwa maji ya kisima akidhani anaondoa chumvi ya baharini anaongeza nyingine, tena anaisukuma kwa mpira wa maji hadi ndani ya viunganishi.

Fungua kiunganishi kimoja cha moduli kilichokaa mwaka mzima karibu na ufuo na ukitazame kwa tochi na kioo cha kukuza. Kwa nje plastiki ni safi. Ndani, kwenye shingo ya pini, mahali ambapo waya umebanwa, utaona unga wa kijani mwembamba kama chavua, na pini jirani ikiwa imepoteza mng'ao na kuwa ya kahawia. Rudisha kidogo ganda la waya: shaba iliyopaswa kuwa nyekundu imekuwa nyeusi kwa urefu wa nusu kidole, kwa sababu unyevu hunyonywa kati ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Waya wa namna hiyo mita bado itausoma kuwa umeunganika, kwa kuwa mita hutumia umeme kidogo mno. Mtikisiko wa injini ndio unaoufichua.

Waya wa kuzimia hupimwa hivi, betri ikiwa imechomolewa. Uchomoe waya wa sakiti A upande wa moduli au magneto, ukikumbuka kwamba tangu hapo sakiti hiyo ni hai. Weka ncha moja ya mita kwenye waya huo na nyingine kwenye erthi ya injini. Swichi ikiwa imewashwa, mita isionyeshe muungano wowote. Swichi ikiwa imezimwa, isome karibu na sifuri. Acha mita mahali pake, kisha mwombe msaidizi atikise waya sentimita kwa sentimita kutoka kwenye ukuta wa moto (bati linalotenga injini na chumba cha rubani) hadi kwenye paneli, na aipige swichi kwa kidole. Namba inayoruka inakuonyesha mahali. Sehemu zinazosumbua zaidi ni tundu la ukuta wa moto, ambapo mpira wa kinga ukikauka waya husuguana na bati, na mgongo wa swichi yenyewe. Waya ukigusana na bati hapo, sakiti itakuwa ikizimwa na kuwashwa na mtikisiko, na rubani atadhani moduli imeharibika.

Rudia yote kwa sakiti B. Waya ulioharibika usiungwe kwa kusokotwa na kufungwa utepe; uondolewe wote. Mombasa ina bahati moja katika jambo hili, kwamba vifaa vya boti hupatikana, na waya wa boti ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati hustahimili chumvi kuliko waya wa kawaida wa magari. Lakini waya wa kuzimia unapaswa kuwa na kinga ya nyuzi iliyounganishwa na erthi, kwa hiyo ukikosa ule wenye kinga, agiza, usiweke mbadala. Tumia vishikizo vya kubana vilivyo na ganda linalosinyaa na kutoa gundi ndani, na pini ziguswe na grisi ya silikoni kidogo tu baada ya kusafishwa na kukauka.

Erthi

Kwenye ndege ya fremu ya chuma au bati, watu husahau erthi kwa sababu inaonekana iko kila mahali. Kwenye ndege ya mbao au ya nyuzi za kioo hakuna erthi isipokuwa ile iliyowekwa na mjenzi. Na kwa zote mbili, injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Lazima kuwe na mkanda mnene wa erthi kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu au betri.

Mkanda huo ukikatika au ukioza, umeme wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kinga ya waya wa kuzimia, au kebo ya gesi (ile ya kuongeza na kupunguza mwendo wa injini) na ya choki. Kebo inayokwama ghafla au ganda la waya lililoyeyuka ni ushahidi wa mkanda mbovu. Fungua kila boliti ya erthi, ondoa rangi chini ya kishikizo mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka rangi au nta juu yake, wala si chini yake. Pima volti kati ya injini na nguzo hasi ya betri wakati starta inazunguka: ikizidi nusu volti, erthi haijatosha.

Kazi hii ifanywe hata kama unadhani erthi ni nzima, kwa sababu ya zile nukta za kuwasha. Starta isiyopata umeme wa kutosha huzungusha injini chini ya mizunguko 220, moduli hazitoi cheche, na mwenye ndege huandika kwamba cheche zimekufa. Starta nayo isishikiliwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishwe dakika 2 kabla ya kurudia.

Koili na moduli

Ukifika hapa bila kupata kitu, sasa unaruhusiwa kushuku vifaa vyenyewe. Uzuri wa Rotax 912 ni kwamba kila kitu kina pacha. Koili nne za cheche ni sawa, koili nne za kuhisi mzunguko ni sawa, koili mbili za kuchaji ni sawa. Pima ukinzani wa kila moja na uandike, kisha linganisha na kitabu na pia moja kwa nyingine. Tatu zikikubaliana na ya nne ikaenda mbali, umeshapata jibu. Koili ya tano ya kuhisi ni ya kipimo cha mizunguko tu. Sindano ikirukaruka huku mlio wa injini umetulia, ni kipimo kinachoumwa.

Njia ya pili ni kubadilishana. Hamisha kiunganishi kimoja kutoka upande wenye ugonjwa hadi upande mzima, kwa jinsi kitabu kinavyoruhusu, ukiwa umetia alama kwa kalamu kabla ya kuchomoa. Ugonjwa ukihama, kifaa ulichohamisha ndicho. Usipohama, si hicho. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja na injini ikapona hajui kilichoiponya, na viwili vizima ameviweka kwenye takataka.

Usizungushe injini kamwe huku kofia ya plagi ikining'inia hewani. Umeme usiopata njia hutoboa insuleta ya koili au huirudia moduli. Kila kofia iwe na plagi, na kila plagi iliyo nje iwe imebanwa kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya silinda.

Hitilafu inayotokea injini ikiwa moto tu ndiyo inayochosha kuliko zote, na kwa joto letu la Januari hadi Machi si haba. Moduli za Rotax hazitakiwi kukaa katika hewa inayozidi nyuzi 80 za selsiasi, na kipindi kibaya zaidi si angani bali ni baada ya kuzima, ambapo upepo umekoma na joto la injini linapanda ndani ya kifuniko cha injini. Bandika kwenye moduli kibandiko kinachobadilika rangi kwa joto, ruka, zima, ngoja dakika 20, kisha soma. Kikionyesha kwamba mpaka umevukwa, fungua mlango wa kifuniko kila unapoegesha, na upeleke bomba la hewa baridi kwenye moduli. Ili kujua ni kifaa gani kinachoshindwa na joto, pima ukinzani wa koili ya kuhisi huku ukiipasha kwa kikausha nywele, moja baada ya nyingine. Ufa ulio ndani hufunguka kwa joto na namba hupotea.

Kwa wenye magneto

Kwa Lycoming nyingi kushuka kusizidi mizunguko 175, na tofauti ya pande mbili isizidi 50, kwa mizunguko ya kupimia iliyotajwa katika kitabu chako. Zungusha propela polepole kwa uangalifu, plagi za juu zikiwa zimetolewa, na usikilize mlio wa «tak» wa kifaa cha kuchelewesha cheche. Magneto yenye kifaa hicho isipolia, injini itakuwa ngumu kuwaka. Taiming ya nje hukaguliwa kwa alama za injini na digrii zilizoandikwa kwenye kibati chake. Ndani ya magneto mna pointi, kondensa na kigawanyio cha cheche, na unyevu wa chumvi huzishika pointi kwa ukungu wa kijivu na kuchora njia nyeusi za kaboni juu ya kigawanyio. Kuifungua si kazi ya nyumbani. Ipelekwe kwa karakana yenye idhini, na ikaguliwe kila saa 500 hata kama haijalalamika.

Pale ambapo si cheche

Rotax yenye kabureta mbili zisizolingana hutikisika, lakini hushuka sawasawa pande zote mbili. Linganisha kabureta kabla ya kununua koili. Choki haifanyi kazi mpaka gesi iwe imefungwa kabisa. Na unyevu wa Mombasa huweza kuganda ndani ya kabureta hata siku ya nyuzi 30, hasa injini inapopunguzwa wakati wa kushuka.

Kuthibitisha na kuandika

Baada ya tengenezo, rudisha kifuniko chote, maana hitilafu ya joto haitokei injini ikiwa wazi. Endesha dakika 15, pima pande zote mbili kwa 4,000, zima, ngoja dakika 20, washa tena, pima tena. Rudia jaribio hilo asubuhi yenye umande. Safari ya kwanza iwe ya rubani peke yake, juu ya uwanja wenyewe, kwa kimo kinachomruhusu kurudi bila injini. Asielekee baharini wala juu ya mikoko ya Mtwapa au Tudor.

Andika katika kitabu cha injini tarehe, kifaa kilichobadilishwa, na namba za kushuka za A na za B, ukitaja ni sakiti gani iliyokuwa imezimwa. Kazi inayohitaji saini ya mhandisi mwenye leseni, kwa masharti ya kibali ambacho ndege ilipewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, isainiwe kabla ya kuruka. Namba hizo ziandikwe hata pale zinapokuwa nzuri, kwa sababu sakiti iliyokuwa ikishuka 120 miezi yote na sasa inashuka 210 bado iko ndani ya mpaka, lakini plagi, kofia na viunganishi vyake vinataka kufunguliwa wiki hii.